Nyoka huyo kafuata panya, hakukufuata wewe

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili na baba yako asikie. Unasema nyumba mliyohamia ina uwanja mkubwa na nyuma yake pana kichaka, na juzi umeokota gamba la nyoka nyuma ya tangi la maji. Mijusi nao wamejaa ukutani, mjukuu wangu hataki kulala. Jirani kakushauri umwage oili chafu kuizunguka nyumba, kisha umwite kijana wake mwenye panga awamalize wote. Halafu unaniuliza: "Mama, niue, nihame, au nizoee?"

Kuhama ni gharama ya bure, na kuzoea ni kubaya zaidi, maana aliyezoea ndiye anayetoka usiku pekupeku. Kuhusu kuua nitakujibu, ila kwanza nijibu wewe: nyuma ya hilo tangi kuna nini? Nakufahamu. Kuna matofali yaliyobaki, mabati yaliyoegeshwa ukutani, na bomba linalovuja ambalo umesema utalitengeneza kesho. Hapo pana kivuli, maji na panya. Nyoka hana haja na wewe, huliwi. Kafuata panya, na kama si panya basi hao mijusi unaowalalamikia. Mijusi nao wamefuata wadudu, na wadudu wamefuata hiyo taa ya nje mnayoiacha ikiwaka hadi asubuhi. Ukianza na panga umeanzia mwishoni.

Gamba lenyewe lisikutie hofu. Litazame vizuri: limegeuka ndani nje kama soksi, na mahali pa macho pana vigamba viwili vyembamba mithili ya kioo, kwa sababu nyoka hana kope, hujivua hata cha jichoni. Usilipime kwa futi ukadhani huo ndio urefu wake. Gamba huvutika wakati wa kutoka, likawa refu kuliko mwenyewe. Wala halikwambii kwamba bado yupo. Huenda alipita tu.

Sasa hilo la kuua. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, hukumbuki. Jioni moja niliingia stoo kuchukua mkaa, nikamwona swila, yule nyoka anayetema sumu, amejikunja nyuma ya gunia. Nikarudi kinyumenyume na kufunga mlango. Hapo mambo yalikuwa yamekwisha, lakini baba yako akasema hawezi kulala nyumba moja na nyoka, akachukua jembe. Swila akasimama, akatanua shingo. Baba yako, badala ya kutoka, akainama amwone sawasawa. Nilisikia sauti kama mtu anayetema maji kwa meno, kisha baba yako akapiga ukelele mmoja, jembe likaanguka.

Nilimvuta hadi bombani, nikamlaza kichwa upande, nikamfungua kope kwa vidole na kumwagia maji. Yeye anataka kujisugua, mimi namshika mikono. Watu wakajaa, mmoja kaja na majani yaliyotwangwa amkamulie, nikamwambia ayaweke chini. Maji tu, mengi, karibu dakika ishirini, ndipo tukaenda hospitali. Siku nne alikaa amefunikwa jicho moja. Macho yake yakapona, Mungu ni mwema. Na swila? Alitokea kwenye tundu lile lile aliloingilia, hakuna hata aliyemwona. Ndiyo maana nasema watu wengi huumwa wakiwa wamemfuata nyoka, si nyoka kuwafuata wao.

Usije ukadhani mama yako anawapenda, la. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Mwaka 2017 shirika hilo likaingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa. Aina za nyoka duniani zinakaribia 4,000, na zenye sumu ni kama 600, kwa hiyo huenda uliyenaye hana hata tone. Lakini usiku, kwa tochi, na moyo unakwenda mbio, wewe utamjuaje? Mwaka 1957, mjuzi mmoja mkubwa wa nyoka huko Chicago, Karl Schmidt, aliletewa nyoka mchanga wa mitini amtambue. Akamshika mkononi, akaumwa na jino moja tu. Hakuona haja ya hospitali, akawa anaandika anavyojisikia. Kesho yake alifariki. Kwa hiyo wewe kazi ya kutambua waachie wengine. Kila nyoka mhesabu ana sumu, mkubwa na mdogo, na umpishe.

Cha kufanya ni hiki. Wikendi hii hamisheni matofali na mabati, lakini vaeni gambuti na glavu ngumu, na kila tofali lisukumeni kwanza kwa fimbo ndefu kabla ya kulishika. Mkono usiingie mahali ambapo jicho halijaingia. Fyekeni majani yaliyo karibu na ukuta. Chakula cha kuku kisilale nje, panya huitana. Milango yenye mwanya chini ipigilie mpira, matundu ya mabomba yazibe kwa saruji, madirisha yatie wavu. Penye nafasi ya kidole nyoka mwembamba anapita. Matawi yanayogusa paa yakate. Oili chafu itakuharibia udongo na maji tu, nyoka atapita juu yake. Unga wa kiberiti na vidonge vya kuwekea nguo ni hivyo hivyo, wengi wamenunua, nyoka wamebaki.

Usiku tochi na viatu vilivyofunika mguu, hata kama unakwenda hatua tano. Hapo namwogopa kifutu kuliko swila. Wengine wakisikia kishindo huondoka. Yeye hukaa pale pale, rangi yake na majani makavu ni kitu kimoja, anakungoja umkanyage. Mtoto asilale chini, na chandarua chake kichomekwe chini ya godoro pande zote. Tunakijua kwa mbu, kumbe na nyoka kinamzuia.

Ukimkuta ndani, usipige kelele wala kutafuta fimbo. Toa mtoto, mbwa na paka, funga mlango wa chumba hicho, ziba chini kwa kitambaa, uite mtu anayejua kukamata. Kama hakuna, mfungulie mlango wa kutokea nje, wewe ukae mbali, ila usimpoteze machoni. Kinachonyima watu usingizi ni nyoka aliyeonekana halafu asijulikane kaenda wapi. Na kama mtu kashamuua, msichezee kichwa. Kichwa kilichokatwa bado kinaweza kuuma.

Akiumwa mtu, Mungu apishie mbali: mtoe pete, bangili na viatu kabla hajavimba. Mlaze atulie, kiungo kilichoumwa kikae kama kimevunjika, kifungiwe kipande cha ubao kisichezecheze. Abebwe, asitembee. Akitapika mlaze ubavu. Kamba ya kukaza, wembe, kunyonya kwa mdomo, barafu, jiwe la nyoka, vyote hivyo vinapoteza muda, na vingine vinaua mguu ambao ungepona. Msimkimbize nyoka ili mkamwoneshe daktari. Na wiki hii, kabla ya lolote, piga simu uulize hospitali ipi ya karibu inaweka dawa ya kuvunja sumu ya nyoka, maana si kila hospitali inayo, na kuulizia mgonjwa akiwa mgongoni ni kuchelewa.

Mijusi sasa. Hao wa ukutani, mijusi kafiri, hawana sumu kabisa. Ndio wanaokula mbu na nondo wako bila mshahara. Mijusi wenye sumu ya kusemwa ni wachache sana duniani, kama Gila wa Marekani na Meksiko, au joka la Komodo huko Indonesia, na hao hawapandi ukuta wako. Kinyesi chao tu, kile cheusi chenye ncha nyeupe, kifute kwa maji na sabuni unawe mikono, kwa sababu kinaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Funika chakula na maji ya kunywa, basi. Yule wa nje mwenye kichwa cha rangi, anayetikisa kichwa juani kana kwamba anakubaliana na kila usemalo, mwache. Kenge ndiye wa kumpisha, hasa akibanwa pembeni: ana meno, ana kucha, na mkia wake ni kiboko. Atakula mayai yako, lakini dawa yake ni banda lifungwe vizuri.

Mjukuu wangu usimwambie kwamba mjusi ni mbaya. Mara ya mwisho alipokuwa hapa, mlango ulimbana mjusi, mkia ukakatika ukawa unarukaruka sakafuni peke yake. Alilia hadi akaanza kucheka. Tulichuchumaa wote wawili tukautazama hadi ulipotulia, nikamweleza kwamba mjusi kauacha ili adui ashughulike nao yeye akikimbia, na kwamba utaota mwingine. Kwa wiki nzima akawa anakagua ukuta kila jioni na kunipa taarifa: "Bibi, bado mfupi." Mwambie Bibi anauliza wa huko wana mikia mirefu au mifupi. Atalala akiwahesabu.

Baba yako anasema atakuja Jumamosi kukusaidia matofali. Gambuti zake nimeshamtolea. Jembe nimelificha.

Mama yako