Muulize Mwalimu: Kila alasiri simu yangu inaona kimbunga

*Shikamoo Mwalimu. Nina kibanda cha kuchaji simu na kuuza vocha hapa Kilwa Masoko. Tangu kimbunga Hidaya, mimi na wenzangu wawili tumeshikwa na ugonjwa wa kufuatilia hali ya hewa, usiku hatulali tunatazama ramani za upepo. Mwezi wa nne niliona duara jekundu limekaa mashariki ya Mafia, siku tisa mbele. Simu yangu ina kipima mgandamizo wa hewa, nikaitazama: saa nne asubuhi 1013, saa kumi jioni 1010. Kesho yake hivyo hivyo. Nikamwambia mjomba asitoke na mashua. Akanisikiliza, barafu aliyokwisha kuinunua ikayeyuka, siku tatu zikapotea. Hayakuja hata manyunyu. Sasa pwani nzima wananiita Bwana Tufani. Nilikosea wapi?*
— Bwana Tufani, Kilwa Masoko

Marahaba, mwanangu. Jina hilo usilikatae. Mimi hapa Kilindoni, Mafia, watoto wa shule waliniita Bibi Mawingu miaka mingi kabla sijastaafu, na nimelizoea kuliko la baba yangu.

Tuanze na hiyo 1013 na 1010, maana hapo ndipo ulipoteleza. Ni kweli mgandamizo hushuka kimbunga kikikaribia, lakini hewa ya kwetu inapumua kila siku. Mgandamizo hupanda mpaka saa nne asubuhi, hushuka mpaka saa kumi jioni, hupanda tena mpaka saa nne usiku, kisha hushuka mpaka saa kumi alfajiri. Jua linapasha moto anga la juu, nalo linacheza mara mbili kwa siku, mfano wa maji kujaa na kupwa. Tofauti ni hektopaskali tatu hivi, yaani hizo hizo tatu ulizoziona. Ulichokiona ni siku ya kawaida tu.

Si wewe peke yako. Ninayo barometa ya shaba, kipima mgandamizo cha zamani, niliyoachiwa na ami yangu, nahodha wa jahazi. Usoni imeandikwa kwa Kiingereza: dhoruba, mvua, mabadiliko, kukavu. Aliyeiandika aliishi Uingereza, ambako mshale husafiri mbali na mchezo huu wa kila siku hauonekani. Hapa kwangu mshale umekaa maisha yake yote kati ya "mabadiliko" na "kukavu", hata masika ikinyesha siku tatu bila kupumzika. Ami alikuwa akiigonga kioo kwa ukucha mara mbili, anatazama, anacheka, anatoka nje kunusa upepo.

Kwa hiyo usilinganishe asubuhi na jioni. Linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana. Nunua kauntabuku, uandike mara nne kwa siku, saa zile zile, ukikaa mahali pale pale. Baada ya mwezi utaijua pumzi ya Kilwa, na ikikatika utashtuka mwenyewe. Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, siku Hidaya ilipofika, saa nne asubuhi, saa ambayo mshale hupaswa kuwa juu kabisa, kwangu ulikuwa bado unashuka. Niliugonga kama alivyofanya ami. Ukashuka tena. Sikuhitaji ramani ya mtu.

Sasa hilo duara jekundu. Kompyuta ya Wamarekani hupiga hesabu upya mara nne kwa siku, ikianza na hali ya saa tisa usiku, saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku kwa saa zetu, na ramani hutoka saa kadhaa baadaye. Kila hesabu ni mpya. Duara la siku tisa mbele linaweza kuwapo saa tatu asubuhi na kufutika alasiri. Wazungu wa Ulaya kwa kulijua hilo wanaendesha hesabu 51 kwa pamoja, zote ila moja wamezigusa kidogo mwanzoni, ili waone ngapi zinakubaliana. Ukikuta tatu tu kati ya 51 zina kimbunga, ujue hujapata habari, umepata uvumi wenye rangi.

Kipimo changu ni hiki: siku zinapungua? Kimbunga cha kweli leo kiko siku tisa, kesho nane, keshokutwa saba. Kuna vimbunga vya simu ambavyo kila ukifungua viko siku tisa mbele, kama mdeni anayelipa kesho. Na kikifika siku nne au tatu, achana na ramani za kesho, tazama picha za sasa. Setilaiti ya Meteosat iliyo juu ya Bahari ya Hindi hupiga picha kila dakika 15. Mawingu yanarudi mahali pale pale usiku na mchana, yanajikunja? Au yanalipuka jioni na asubuhi yametawanyika? Hapo soma taarifa ya kituo cha Réunion, ambacho ndicho kinachosimamia vimbunga vya upande wetu wa bahari, halafu ya Mamlaka ya Hali ya Hewa yetu (TMA). Angalia pia maneno. Mgandamizo mdogo wa hewa haujawa kimbunga. Dhoruba hupewa jina upepo wake ukifika kilomita 63 kwa saa, na huitwa kimbunga hasa ukifika 118. Mingi hufia njiani. Jobo ya Aprili 2021 ilitushughulisha wiki nzima, ikafika karibu na Dar es Salaam imeshachoka.

Kuhusu mjomba nitakuwa mkali kidogo. Hukukosea kumwambia. Ulikosea kumwambia "usitoke." Ungesema: "Mjomba, nimeona kitu, kiko mbali, TMA hawajatoa neno, nitakuletea habari kila jioni." Yeye ana miaka yake baharini, angepanga. Barafu angeinunua siku yake.

Nakwambia hivi kwa sababu nimekuwa pande zote mbili. Aprili 2019 nilikuwa kwa binti yangu Mtwara, Shangani. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeshapiga Komoro, kinakuja. Tarehe 25 shule na ofisi zikafungwa, sisi tukajaza madumu, tukafunga madirisha kwa kamba. Kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, zaidi ya kilomita 100 kusini ya Mto Ruvuma. Kule kilibomoa kweli kweli. Mtwara tulipata mawingu na upepo wa kutoka bara. Jioni vijana wanacheka barazani: "Mwalimu, kimbunga chako kimepanda basi gani?" Miaka mitano baadaye, Hidaya ikiwa njiani, nilisikia hapa Kilindoni watu wakisema kitakuwa kama kile cha Mtwara. Wengine hawakuvuta hata ngalawa zao juu.

Ukijua namna kinavyozunguka hutasema hivyo. Huku kusini ya ikweta upepo wa kimbunga hufuata mwendo wa mishale ya saa. Aliye kusini ya kitovu, kwenye mwambao wetu, hupigwa na upepo wa kutoka baharini, umebeba mvua na unasukuma maji nchi kavu. Aliye kaskazini hupata wa kutoka bara. Mtwara ilikuwa kaskazini ya Kenneth. Hidaya ilifika Mafia ikiwa imeshapungua nguvu, na Kilwa yenu ikawa kusini yake. Ndiyo maana mvua iliwaelemea nyinyi, na barabara ya Dar kwenda Lindi ikakatika pale Somanga. Kwangu yaliruka mabati ya jikoni, nikayakuta shambani kwa jirani yamekumbatia mnazi.

Jaribu hili siku upepo ukiwa mkali na wa mfululizo, si matlai ya kawaida, itakudanganya. Simama ufukweni, uupe upepo mgongo, unyooshe mkono wa kulia. Huko unakoelekeza ndiko kitovu kiliko. Ukiipa kusi mgongo na mkono ukaonyesha baharini, mpigie mjomba.

*Mwalimu, niko Newala. Simu yangu inasoma 930. Nimesoma kwamba 930 ni kimbunga kikubwa sana. Tuondoke?*
— Mwenye hofu, Newala

Kaa ulipo, mwanangu, unywe chai. Uko juu ya uwanda wa Makonde, na kila ukipanda mita nane au tisa simu hupoteza hektopaskali moja. Shuka Masasi uone inavyopanda, bila wingu kusogea. Kimbunga chenye 930 hupimwa usawa wa bahari. Kwenye programu yako tafuta mahali pa kuingiza kimo cha mji wako, nambari itakaa sawa. Na Bwana Tufani asikie: hata kupanda ghorofa ya tatu kunatosha kuharibu kauntabuku.

*Bibi yangu wa Wete anasema vimbunga haviji kwetu, ni maneno ya simu. Nimjibu nini?*
— Mjukuu, Wete

Mjibu kwa adabu, kwa sababu ana hoja. Karibu na ikweta mzunguko wa dunia hausaidii hewa kujisokota, na Pemba iko kama nyuzi tano tu kusini, pembeni kabisa. Lakini tarehe 15 Aprili 1872, Sultani wa Zanzibar, Seyyid Barghash, akiwa hana hata miaka miwili kamili katika kiti, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini. Na tarehe 15 Aprili 1952, siku ile ile baada ya miaka 80, kimbunga kikaipiga Lindi. Kenneth Aprili, Jobo Aprili, Hidaya Mei: vyote katika tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi haijakaza.

Ila ile ya 1872 haikuigusa sana Pemba. Mashamba ya Unguja yalilala chini, bei ya karafuu ikapanda, watu wakapanda mikarafuu kwenu. Kwa hiyo kwa kisiwa chake bibi yuko sahihi. Muulize tu mikarafuu ya babu zake ilipandwa mwaka gani.