Asasi za kiraia baada ya vita: niliyoyaona nikiwa mkalimani

Mkuu, umesema asasi yenu imeombwa majina matatu ya kupeleka kwenye kikao hapa Dar kuhusu wakimbizi kurudi kwao, na unauliza kama kuna maana au ni posho tu.

Posho ipo, nisikudanganye. Mimi ni Muha, Kirundi hakinipi shida, kwa hiyo nimekula sana mkate wa ukalimani. Kikao kimoja hotelini Posta, siku tatu, mada ilikuwa ardhi ya Warundi wanaorejea. Washiriki wote wana mihuri, wote wanajua kuandika andiko la mradi, hakuna hata mmoja aliyewahi kulala kambini. Siku ya pili mwezeshaji akauliza: mtu akikuta shamba lake linalimwa na mwingine, anaanzia kwa nani? Ukumbi kimya. Jibu nilikuwa nalo, ila mkalimani halipwi kuchangia.

Nililipata Mtabila, kambi ya wakimbizi wa Burundi kule Kasulu, kabla haijafungwa mwishoni mwa 2012. Kulikuwa na mama wa kamati ya maji. Asubuhi anapanga foleni ya madumu, jioni watu wanamfuata wamuulize habari za kwao. Ana daftari la shule: shamba la fulani, nani amekaa humo, mzee gani wa bashingantahe (wazee wa jadi wa Burundi wanaosuluhisha migogoro) bado yupo hai na anakumbuka mpaka. Usianze ofisini, anawaambia, anza kwa mzee, mkatembee mpaka kwa miguu, ndipo muende kwa mkuu wa kilima (kwa Burundi ni kama mwenyekiti wa kijiji) mkiwa wawili. Hana muhuri, hana barua pepe. Nani angemwalika?

Wanawake wa Burundi hawakungoja mwaliko. Julai 2000 zaidi ya 50 kutoka pande zote walikutana Arusha, wakampelekea Mandela, msuluhishi wa mazungumzo ya amani ya Burundi, mapendekezo yao (Mwalimu Nyerere, aliyemtangulia kwenye kazi hiyo, alikuwa ameshafariki, Oktoba 1999). Mengi yakaingia kwenye mkataba wa amani wa tarehe 28 Agosti. Dai lao kwamba wanawake wapate asilimia 30 ya nafasi za uongozi liligonga mwamba, likaja kuingia kwenye katiba ya Burundi ya 2005. Wangesubiri mkataba usainiwe ndipo waitwe "kuhamasisha jamii", wangeishia kugawa fulana.

Au jirani zetu Msumbiji. Vita iliisha 1992, bunduki zikabaki zimefukiwa mashambani. Mwaka 1995 Baraza la Makanisa likaanza kuzikusanya: leta silaha, chukua cherehani, baiskeli au jembe. Mtu anayeogopa kumpelekea polisi bunduki, kwa mchungaji anaenda.

Basi kwenye hayo majina matatu, mawili yawe ya watu wa kambini: kamati ya maji, kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa. Ombeni vibali vyao vya kutoka kambini mapema, vinachelewa. Na mkatae kabisa ule utaratibu wa "lipa nauli kwanza, utarudishiwa kwa risiti". Bodaboda wa Kasulu risiti anaitoa wapi?