Muulize Fundi: Land Rover ya baba inayumba mteremkoni

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Land Rover 109 pikapu, Series III ya 1978. Nabebea viazi kutoka Isyonje kwenda Mwanjelwa. Ikiwa tupu inanirusha kama punda. Ikiwa na mzigo, nikishuka kuelekea Uyole inavuta huku na huku, na usukani nauzungusha weee ndipo gari iitike. Fundi mmoja anataka kuniongezea majani mawili ya springi ya lori. Mwingine anasema tuweke springi za koili za Defender. Nimsikilize yupi? (Mkulima wa viazi, Isyonje)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba. Waambie wote wawili wasubiri.

Koili zilikuja na One Ten mwaka 1983, gari ambalo baadaye liliitwa Defender, na chasisi yake ilitengenezwa kuzipokea. Kwako itabidi kukata na kuchomelea mabano mapya, na breki ya mteremkoni sitaki itegemee uchomeleaji wa barabarani. Majani ya lori nayo yatakurusha zaidi ukiwa tupu. Kuyumba hayatakuondolea, maana kuyumba kwako naona hakutoki kwenye springi.

Lala chini ya gari, mtu akae ndani atikise usukani kushoto kulia. Shika bojointi moja moja, vile viungo vya miishoni mwa fimbo za stelingi, ziko sita. Inayocheza utaisikia mkononi kabla hujaiona. Kisha tazama relei ya stelingi, ule mtungi wa chuma uliosimama ndani ya chasisi, mbele ya redieta. Nyingi hukaa miaka bila oili. Jaza, lakini usiifungue mwenyewe: ndani kuna springi iliyokandamizwa, ikichomoka inavunja taya.

Ndipo uje kwenye springi. Za umri huo majani huwa yameshikana kwa kutu, yanafanya kazi kama kipande kimoja cha chuma, ndiyo maana unarushwa. Zifungue, piga brashi ya waya, paka grisi, badilisha jani lililopasuka. Bushi zote, zile pete za mpira kwenye matundu ya springi, weka mpya. Zile zilizozama ndani ya chasisi ni ngumu kutoa, zitakutia hasira.

Sasa hapa sikiliza. Bolti za shakoli, vile vishikio vinavyounganisha ncha ya springi na chasisi, zisikazwe gari ikiwa juu ya jeki. Nilifanya hivyo hapa Ipogolo nikiwa kijana: gari iliposhuka, mpira wa bushi ukajisokota, na haikupita miezi miwili mteja akarudi na bushi zimechanika, na matusi juu. Shusha gari, isimame kwa uzito wake, ndipo ukaze.

Shokapu nunua nne mpya. Springi hubeba, shokapu ndiyo inayozima mruko.

Kuna springi za kisasa za majani machache, nene katikati na nyembamba miishoni, hazisuguani. Ni laini kweli, nazipenda, ila zinataka shokapu zake na mzigo wa kiasi. Nayajua malumbesa ya huko kwenu, kilemba peke yake ni debe. Baki na za zamani.

Ukimaliza, pakia magunia matatu tu, ushuke Uyole taratibu ukiusikiliza usukani. Ikiendelea kuvuta, niandikie tena, utaje ni upande gani, na kama ni ukikanyaga breki au hata usipokanyaga.