Unaswali lakini moyo mzito

Dada yangu, umeuliza mbona unaswali vipindi vyote vitano na furaha huioni. Usijilaumu. Mwaka 2010 watafiti Chaeyoon Lim na Robert Putnam walichapisha utafiti wao wa Marekani: wahudhuriao ibada huridhika zaidi na maisha hasa wakiwa na marafiki humo humo. Mimi baada ya eda, hapa Ngamiani, Tanga, nilikuwa naswali peke yangu chumbani, machozi yanalowesha mswala. Jirani akanivuta darsa ya akina mama. Siku moja nilipokosa, wakapiga hodi na chupa ya uji wa pilipili manga, bado wa moto. Nenda darsani, na ikiisha usikimbilie kuondoka. Kama hulali wala huli wiki kadhaa, nenda hospitali ya Bombo ukamwone daktari. Hilo halipunguzi imani yako.