Kwa Nini Dawa ya Malaria Inahitaji Chakula na Saa Yake

Kwa muda mrefu nimehudumu katika duka la dawa mjini Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na swali ninaloulizwa mara kwa mara ni kama mtu aliyepata nafuu siku ya pili bado ana haja ya kumaliza tembe za malaria. Haja anayo, na ningependa kila mgonjwa ajue sababu yake, kwa kuwa anayeelewa jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini huimaliza dozi hata asipokumbushwa.

AL, ambayo ndiyo chaguo la kwanza nchini Kenya kwa malaria isiyo kali, imechanganywa dawa mbili: artemetha na lumefantrini. Artemetha huua vimelea wengi kwa haraka, homa ikashuka na mgonjwa akajiona amepona. Lakini haidumu, kwani kwa saa mbili au tatu hivi kiasi chake katika damu huwa kimepungua kwa nusu. Lumefantrini hupungua polepole, kwa siku kadhaa, nayo ndiyo inayowamaliza vimelea waliosalia. Anayeacha siku ya pili huikatiza kabla haijafikia kiwango cha kutosha, na vimelea waliobaki wakapata nafasi ya kuzaana upya.

Mtu mzima humeza tembe 24, nne kwa kila mara, kwa siku tatu. Ninapotoa pakiti, huandika saa kwa kalamu kando ya kila safu: ukianza saa mbili asubuhi, dozi ya pili ni saa kumi jioni, kisha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku kwa siku mbili zinazofuata.

Jambo la chakula hupuuzwa zaidi, na hilo hunisikitisha. Lumefantrini haiyeyuki vyema katika maji. Inahitaji mafuta ili ifyonzwe na utumbo, na ikimezwa tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hutoka na choo pasipo kuingia katika damu. Najua mgonjwa wa malaria hana hamu ya ugali, lakini glasi ya maziwa, uji uliotiwa maziwa, parachichi au omena wa kukaanga hutosha kumsaidia. Hata hivyo, kanuni hii si ya dawa zote: siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, ikinywewa pamoja na maziwa hushikana na kalsiamu yake, na tumbo likashindwa kuifyonza ipasavyo.

Kuhusu parasetamoli ya kutuliza homa, mtu mzima asizidishe gramu 4, yaani tembe nane za miligramu 500, kwa siku nzima. Ini huigeuza dawa hii, na sehemu ndogo yake huwa sumu ambayo ini huizima kwa akiba yake. Akiba hiyo ikiisha, seli za ini huharibika. Soma pia vikasha vya dawa za mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani yake.

Ikiwa unatumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, mwambie mhudumu kabla hajakupa AL. Rifampisini ya kifua kikuu, kwa mfano, huchochea vimeng'enya vya ini viivunjevunje AL upesi kuliko kawaida, na hapo daktari ndiye anayepaswa kuamua utatibiwa kwa dawa gani.