Muhuri mzima, meza mbovu

Kadi zilikuwa 150, zote dabo, karatasi ya rangi ya maziwa, gramu 300, na harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Bibi harusi alitaka herufi za mwanzo za majina yao, lake na la mwenzake, zigongwe kwa wino wa dhahabu pale juu kushoto. Nikachongesha muhuri Kariakoo, nikarudi nao Tabata, nikaketi kazini. Kadi ya kwanza, herufi ya kulia imekatika tumbo. Ya pili vilevile. Nikakandamiza zaidi: wino ukavuja pembeni, na tumbo bado halipo. Nilipofika kadi ya ishirini na kitu nilikuwa nimeshamtukana fundi moyoni kwa lugha zote ninazozijua, ambazo ni mbili.

Asubuhi nikamrudia. Mzee wa makamo, miwani imefungwa uzi upande mmoja.

"Shikamoo mzee. Huu muhuri umekosewa."

"Marahaba mwanangu. Lete."

Hakuukagua hata. Alikunja gazeti mara mbili, akalaza karatasi juu yake, akagonga mara moja tu, akanigeuzia nione. Herufi zote mbili zimekaa, tumbo hilo hapo.

"Wewe unagongea juu ya nini?"

"Mezani."

"Basi muhuri mzima. Meza ndiyo mbovu."

Meza yangu ilikuwa ya plaiwudi, na katikati ilikuwa imebonyea kiasi cha unene wa ukucha. Kwa kutazama tu huoni kitu. Niliona siku hiyo jioni, nilipoisimamisha rula ya chuma kwa ubavu wake juu ya meza na kuinama mpaka macho yakawa sawa nayo: mwanga ulikuwa unapita chini ya rula. Fanya kipimo hicho leo kwenye meza yako, kwa urefu, kwa upana, kisha kona kwa kona. Usinunue chochote kabla hujafanya.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kwa sababu kila anayenijia kuuliza habari za kazi hii ya kadi anaanza na mashine, wino, karatasi inauzwa wapi kwa bei ya jumla. Hajatokea hata mmoja aliyeniuliza afanyie kazi juu ya nini. Na ukitaka mkeka mmoja wa kufanyia kila kitu, nikwambie mapema, haupo. Kisu kinataka kulala juu ya kitu kinachokubali kuchomwa. Muhuri unataka kitu kinachodidimia kidogo na kurudi. Moto unataka kitu kisichojali. Vitu hivyo vitatu havikai katika plastiki moja, hata kama muuzaji ataapa.

Tuanze na mkeka wa kukatia, maana ndio utakaokula pesa. Dukani ukisema mkeka utaelekezwa kwenye mikeka ya kukalia. Sema kating mati, watakuelewa. Ule wa kijani, bluu au mweusi wenye miraba. Ulio mzuri si kipande kimoja cha plastiki, ni tabaka za PVC zilizobanwa pamoja, mara nyingi tatu au tano, nje laini na katikati gumu. Kisu kinapenya tabaka la juu, kinagota kwenye gumu, na ukikitoa ule mkato unajifunga. Umewahi kuchoma donge la unga wa chapati kwa ncha ya kisu? Unga haupungui, unasukumwa pembeni tu kisha unarudiana. Ndivyo mkeka unavyofanya, na ndiyo sababu kisu butu kinauua: kisu kikali kinapita kati, kisu butu kinachana na kung'oa. Vunja kipande cha mbele cha wembe wa kisu chako, ule wenye vipande vya kuvunjwa, mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Wembe ni rahisi, mkeka si rahisi.

Wengi huanza na kipande cha kapeti la mpira, lile la mita. Na mimi nilianza nalo, miaka miwili. Tatizo si kwamba linachakaa. Lile halijifungi, kwa hiyo kila mkato unabaki mfereji, na kisu kikikutana na mfereji wa jana kinaufuata. Umeshika rula vizuri, mkono haujatetereka, na bado ukingo wa kadi umepinda. Utajilaumu bure. Usilitupe hata hivyo, kuna kazi litakayofanya huko mbele.

Ukubwa. Mkeka wa A4 unavutia kwa bei na unaingia kwenye mkoba, lakini fikiria: karatasi unayoikata ni A4, sentimita 21 kwa 29.7. Mkeka wenyewe una sentimita 22 kwa 30. Ukilaza karatasi, mkeka umekwisha. Rula inaning'inia hewani pande zote mbili, na rula inayoning'inia inabembea. Nunua A3, mara mbili ya A4, hata kama itakubidi usubiri mwezi. A2 ni kwa mwenye meza yake ya kudumu, si kwa mwenye chumba na sebule ambaye saa mbili usiku meza hiyohiyo inageuka ya chakula.

Nenda dukani na rula yako ya chuma, na usione aibu. Kwanza pima kama sentimita zilizochapwa ni sentimita kweli, toka sifuri hadi mwisho, maana kuna mikeka ambayo ikifika 30 imeshapoteza milimita mbili njiani. Halafu pima pembe. Fundi ujenzi anapopiga kona ya msingi anatumia 3, 4, 5. Wewe hesabu 15 kwenye mstari mmoja, 20 kwenye mstari unaokatiza, na toka ncha hadi ncha lazima upate 25 kamili. Ukipata 24.8, miraba hiyo imelala, na kila kadi utakayoikata kwa kuifuata italala. Halafu bonyeza uso wake kwa ukucha: alama iingie, kisha ipotee taratibu. Isipoingia kabisa, hiyo ni plastiki ngumu iliyopakwa rangi ya kijani. Muuzaji akinuna, mwambie unatafuta wa kazini. Akiendelea kununa, Kariakoo ina maduka mengine.

Ukiufikisha nyumbani, ugeuzegeuze. Sote tuna mahali mkono ulipozoea kukata, na baada ya miezi mitatu mahali hapo panakuwa kovu huku pande nyingine bado mpya. Mimi huugeuza kila Jumatatu. Na kama una nyuso mbili, andika kwa kalamu kwenye kona: huu wa kisu, huu wa muhuri. Uso wenye makovu ukigongea muhuri juu yake, makovu yanatokea kwenye picha kama nywele nyeupe.

Hapo tumefika kwenye muhuri wenyewe. Ipo mihuri ya aina mbili utakayokutana nayo sana. Ule wa mpira uliobandikwa kwenye kibao mara nyingi una sponji kati ya mpira na kibao, kwa hiyo umekuja na ulaini wake. Unahitaji msaada mdogo tu. Ule unaoonyesha upande wa pili, wa plastiki laini inayonata kwenye kipande cha akriliki, plastiki ngumu kama kioo, hauna kitu nyuma yake. Kwenye kioo au marumaru utakupa picha yenye mabaka, wino umeshika hapa, pale umeruka. Huo lazima uwekewe kitu chini ya karatasi. Kile cha kuwekea mausi ya kompyuta, upande wa kitambaa ukilala chini, kinatosha. Zile karatasi za sponji za rangi wanazotumia walimu wa chekechea, za milimita 2, ni bora zaidi kwa sababu unakata saizi unayotaka. Usizidishe. Ukiweka tabaka tatu muhuri unazama, na kingo zake ambazo hazina maandishi zinagusa karatasi na kuacha uchafu kuzunguka picha.

Njia ninayowaonyesha wanaokaa na mimi ni hii. Chukua muhuri mmoja na karatasi kumi za rimu ya kawaida. Gonga juu ya meza tupu. Kisha juu ya karatasi mbili, nne, sita, hadi kumi, kila mara wino uleule, mkono uleule. Andika namba chini ya kila picha. Mahali picha ilipokamilika bila wewe kukandamiza, hapo ndipo ulaini wa muhuri huo ulipo, na hiyo namba iandike kwenye kibao chake. Wangu wa maua unataka sita. Ule wa herufi za bibi harusi ulitaka nne. Na ukigonga, shusha wima, tulia, nyanyua wima. Usiubembeleze huku na huku kama mtoto anayekataa kulala.

Fundi alitumia gazeti kunisuta, lakini wewe usilaze kadi nyeupe juu ya gazeti. Wino wa gazeti unahama, na utakuja kuugundua nyuma ya kadi zikiwa tayari kwenye bahasha. Mimi huokota kalenda kubwa za ukutani mwaka ukiisha, watu wanazitoa bure Januari nzima, nikatumia mgongo wake mweupe. Jani likichafuka nalichana, linafuata jingine.

Kioo kina wapenzi wake, nami ni mmoja wao, kwa kazi fulani. Kinapanguswa kikawa kama kipya, gundi ikikauka juu yake unaikwangua kwa wembe, na ukikilazia chini karatasi yenye miraba una vipimo visivyofutika. Kwa fundi vioo agiza cha milimita 6 na umsisitize asage kingo zote nne, na kona pia. Ukitaka kile kigumu kinachovunjika chembechembe badala ya vipande vyenye ncha, agiza saizi kabla hakijapikwa, maana kikishapikwa hakikatiki tena. Usihangaike kumpelekea fundi kioo cha meza ya zamani akupunguzie. Na chini ya kioo, ili kisitembee, ndipo linapoingia lile kapeti la mpira nililosema usilitupe.

Ubaya wake ni mbili. Ncha ya wembe inakufa haraka sana juu ya kioo, utavunja vipande mpaka uchoke. Na hapa Dar, Januari na Februari, kifundo cha mkono kinatoka jasho, jasho linabaki juu ya kioo, karatasi inanata, wino unavutika. Laza karatasi chakavu chini ya mkono. Feni nalo lielekeze kwako, si mezani. Sihitaji kueleza zaidi kwa aliyewahi kufukuza kadi chumba kizima.

Moto. Kama utafanya maandishi ya kuvimba, yaani kugonga kwa wino unaochelewa kukauka, kumwagia unga wake na kuupulizia hewa ya moto kwa mashine mpaka uyeyuke, toa mkeka wa kukatia mezani kabisa. PVC inalegea kwenye joto dogo kuliko la maji yanayochemka, na hewa ya mashine ile iko juu ya hapo kwa mbali. Kioo cha kawaida nacho kikipashwa mahali pamoja kinaweza kupasuka. Tumia kipande cha marumaru. Kila mtaa kuna nyumba inajengwa na kila nyumba inayojengwa ina marumaru moja iliyobaki. Omba, bandika vipande vya sponji chini, umemaliza. Kwa gundi ya moto, mkeka wa silikoni wa kuokea, wa maduka ya vyombo, hauna mpinzani: tone likipoa unalibandua kama ganda la yai. Usiurudishe jikoni, na usikatie juu yake, unachanika kirahisi mno.

Jua letu pia ni moto. A2 yangu ya kwanza niliikunja duara, nikaifunga kamba, ikapanda bodaboda, kisha nikaiacha kwenye gari la shemeji pale Mwenge toka saa sita hadi saa kumi, mwezi wa Februari. Nilipoifungua nyumbani ilikuwa na mgongo kama ngalawa iliyopinduliwa. Niliilaza chini ya godoro wiki mbili. Mgongo ulipungua, haukuisha. Kwa hiyo ubebe mkeka ukiwa umenyooka, umeegemea boksi gumu, na nyumbani ulale bapa. Usiusimamishe ukutani, hasa chumba cha bati kisicho na dari. Chini ya godoro ni ghala zuri kuliko kabati.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki uliostaafu. Nyuzi za karatasi zilizobanwa ndani ya mikato zitoe kwa kifutio. Dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asitoni isiuguse hata kidogo, inakula PVC na kufuta namba. Wino uliogoma kutoka, uache hapo. Ukishakauka hauhamii kwenye kadi.

Mkeka wangu wa A3 ulidumu miaka mitano kabla ya kukataa kujifunga. Nikaukata vipande vinne, nikakwepa makovu. Viwili viko kwa mabinti wanaojifunza kwangu, kimoja kiko chini ya mguu wa cherehani ya mama, na cha mwisho ndicho ninachokatia lebo za zawadi. Zile kadi 150 nilizigonga upya usiku ule, karatasi nne chini, nikanunua kwa pesa yangu kadi ishirini na kitu kufidia zile nilizoharibu, na kwa yule mzee nikarudi Jumatatu kuagiza muhuri mwingine. Hakusema neno. Alinipa na kipande cha sponji, bure.