Kwa Baritoni Aliyehamishiwa Sauti ya Tatu

“Shikamoo kaka. Mwalimu wa kwaya amenihamisha kutoka besi kwenda sauti ya tatu. Nikipanda juu koo linabana. Nikirudi besi naambiwa chini sifiki. Naomba ushauri.”

Marahaba, mdogo wangu. Ujumbe wako umenifikia muda mfupi baada ya kuweka hapa klipu yangu ya “Di Provenza il mar”, aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) ya mzee Germont katika La traviata, opera, yaani mchezo unaoimbwa, ya mtunzi Verdi. Naona watu wanaisambaza hadi kwenye magrupu ya kwaya nisizozijua, na siwezi kujifanya sijafurahi. Kwa hiyo niache nijibu kwa kirefu.

Koo lako halina kasoro. Wewe ni baritoni, na nyimbo zetu za kwaya zina mistari minne tu: soprano, alto, tenori (ndiyo hiyo sauti ya tatu), besi. Mwanamume ambaye sauti yake imekaa katikati hakuandikiwa mstari. Anapelekwa juu akakabwe, au anashushwa chini ameze noti.

Mimi nilikabwa miaka mingi. Kwaya niliyoitumikia tangu ujana ilipoamua kutoa albamu, nilipewa solo nikaifanyia mazoezi Kwaresima nzima. Tulipokaribia kuingia studio akapewa tenori, kwa maelezo kwamba “sauti ya kaka haipenyi”. Nikasimama nyuma na besi, na fundi akatufunika kwa kinanda na mwangwi. Mama aliponiuliza, “Wewe uko wapi humu?”, sikuwa na pa kumwonyesha. Nimesamehe. Albamu yenyewe siichezi.

Walioniinua ni Waitaliano waliokufa zamani. Nisikuchoshe na jinsi nilivyoanza kuwatafuta. Itoshe kusema sasa nina folda nzima ya baritoni waliorekodi enzi za santuri za mwanzo, na kila nikionewa huwa naifungua.

Mchukue Mario Ancona, mtu wa Livorno. Opera ya Pagliacci ilipooneshwa kwa mara ya kwanza, Milan, Mei 1892, aliyeimba nafasi ya Silvio alikuwa yeye. Machi 1907, akiwa na miaka 47, aliimba na tenori Enrico Caruso duweti (wimbo wa watu wawili) ya wavua lulu ya mtunzi Bizet kwa kampuni ya Victor kule Marekani. Santuri hiyo inasikilizwa hadi leo, na wengi huiita “ile ya Caruso”. Isikilize uone nani ameshikilia sakafu ya wimbo wakati tenori anaruka.

Au Eugenio Giraldoni. Hakuna mpenzi wa opera asiyemjua Scarpia, yule mkuu wa polisi katika opera ya Tosca. Aliyemwimba usiku wa kwanza, Roma, 14 Januari 1900, ni Giraldoni. Hata baba yake, Leone, ndiye wa kwanza kumwimba Simon Boccanegra, katika opera ya Verdi ya jina hilo, mwaka 1857. Mtoto akaishia kufundisha uimbaji Helsinki, na huko ndiko alikofia mwaka 1924. Uhusika umebaki na jina kubwa, mwenye koo amesahaulika. Ndivyo tulivyo sisi baritoni: tunaimba baba wa bibi harusi, rafiki wa shujaa au mwovu wa mji, halafu maua anapelekewa tenori.

Sasa ushauri wenyewe, na nitaurudia mpaka ukuchoshe: jirekodi sasa, sauti ikiwa imesimama.

Tazama Pasquale Amato wa Napoli. Aliingia Metropolitan, jumba la opera la New York, mwaka 1908, na tarehe 10 Desemba 1910 alikuwa Jack Rance katika onyesho la kwanza kabisa la La fanciulla del West, opera ya Puccini, Caruso akiwa pembeni yake na Toscanini akiongoza okestra. Aliimba mno. Sauti ikachoka mapema, na miaka ya mwisho, kuanzia 1935 hadi alipofariki 1942, alikuwa mwalimu katika Louisiana State University. Lakini rekodi zake za kampuni za Fonotipia na Victor za kabla ya Vita Kuu ya Kwanza zinamwonyesha akiwa mzima kabisa, noti za juu zinafunguka bila kulazimishwa. Aliwahi.

Giuseppe Kaschmann alichelewa, tena si kwa kupenda. Alizaliwa mwaka 1850 Lussinpiccolo, kisiwani kwenye Kroatia ya leo, akaimba Metropolitan katika msimu wa kwanza kabisa wa jumba hilo, 1883. Mashine ya kurekodi ilipomkuta Milan mwaka 1903 alikuwa ameshapita miaka 50. Zimebaki santuri chache, na ndani yake unasikia fundi mkubwa ambaye pumzi inaanza kumdai. Yeye alikosa chombo. Wewe simu iko mfukoni, kisingizio chako nini?

Na usiniambie studio ni ghali. Enzi zile hapakuwa na maikrofoni mpaka 1925. Mwimbaji alisimama mbele ya koni la bati, sauti inaingia ndani, inatikisa kiwambo, sindano inachora kwenye nta. Akipanda noti ya juu anarudi nyuma nta isiharibike; akishuka anasogea hadi mdomo unakaribia kuzama kwenye koni. Akikosea, nta inatupwa, anaanza upya. Kitu cha kukata na kuunga hakikuwepo. Dakika tatu au nne, upande mmoja umekwisha, arekebishe nani? Watu waliimba hivyo wakiwa wamevaa tai, asubuhi, bila mwangwi wa kuwaficha. Nawe jirekodi hivyohivyo: wimbo mzima, mara moja, bila kukatisha. Utajijua.

Umri pia si hoja. Antonio Magini-Coletti, mzaliwa wa Iesi mwaka 1855, alikuwa karibu na miaka 50 Fonotipia ilipoanzishwa Milan mwaka 1904, na akawarekodia santuri nyingi nzuri kabla ya kufariki mwaka 1912. Giuseppe Campanari alikuwa mpiga cello wa Boston Symphony Orchestra kabla hajawa mwimbaji wa nafasi ya Figaro Metropolitan, na mwaka 1903 alikuwemo katika kundi dogo la waimbaji wa opera waliorekodiwa na kampuni ya Columbia. Mtu alikaa kwenye kiti cha okestra akisikiliza wengine wakiimba sehemu zake! Huyo nampenda kuliko wote, na sababu unaijua.

Utakapoanza kuwasikiliza, angalizo moja la kifundi ambalo wengi hawalitaji. Santuri tunaziita za mizunguko 78 kwa dakika, lakini kasi zilikuwa hazijasawazishwa. Nyingine zilikatwa kwa 74 au chini ya hapo. Ukiicheza ya 74 kwa 78, sauti inapanda karibu nusu toni, na baritoni wa watu anageuka tenori mwembamba mwenye haraka. Kaa na kinanda. “Di Provenza” imeandikwa katika D flati. Ukiikuta iko D kamili, nusu toni juu yake, ishuku kasi kwanza, maana baritoni huomba wimbo ushushwe, ni nadra kuomba upandishwe. Ipunguze kasi kwa programu yoyote ya bure mpaka irabu zisikike za binadamu. Mimi nilimdharau mwimbaji mmoja muda mrefu kwa sauti ya puani, kumbe aliyeiweka mtandaoni ndiye aliyeikimbiza.

Kisha mwige mmoja tu kwa wakati. Antonio Scotti, kwa mfano, hakuwa na sauti kubwa kuliko wenzake, na ilipungua zaidi kadiri alivyozeeka, lakini alidumu Metropolitan kuanzia 1899 hadi 1933 na kumwimba Scarpia pale zaidi ya mara 200, kwa sababu alijua kutamka na kuigiza. Alirudi Napoli, akafariki mwaka 1936 akiwa hana kitu. Fedha ni mada ya siku nyingine, ila weka akiba.

Vijana wa siku hizi mnataka kupigiwa makofi kabla ya kujifunza kupumua. Mnataka solo. Nani atakupa solo kama hujawahi kujisikiliza? Jirekodi. Jisikilize. Jirekodi tena. Usimngoje mwalimu aseme unapenya. Wapo wanaosema hivyo kwa sababu masikio yao yanatafuta noti ya juu tu.

Kuhusu mwalimu wako, usigombane naye. Mwombe ukae besi, uimbe zile za juu za besi kwa nguvu na za chini uwaachie wenye nazo. Akikataa, imba ya tatu kwa sauti nyepesi, na palipo na noti inayokubana fungua mdomo uwapishe wenzako, kwaya haitavunjika. Nyumbani fanya mazoezi ya Germont, ukianza nusu toni mbili chini. Ikikaa, nitumie: sauti tupu, bila kinanda, na tafadhali usiweke mwangwi.